Paa la bati linapodondosha maji: tafuta chanzo kabla ya kupaka lami

Tone likionekana kwenye dari, watu wengi huku Mbeya na Njombe humwita fundi apake lami juu ya mahali hapohapo, ilhali maji hutambaa juu ya papi, yaani mbao zinazopigiliwa bati, na huweza kudondokea mbali na tundu yalimoingilia.

Jiulize kwanza kama mvua imenyesha. Mwezi Juni na Julai paa huweza kudondosha maji alfajiri bila hata wingu, kwa sababu mvuke wa jikoni na pumzi za waliolala hupanda, hukutana na bati lililopoa usiku kucha na kugeuka matone. Pitisha kiganja upande wa chini wa bati: likiwa limelowa lote, hilo ni jasho, na dawa yake ni matundu ya kupitisha hewa darini, si lami.

Kama ni mvua, ingia darini mchana wa jua na utafute vitundu vinavyopenyeza mwanga. Mara nyingi utaukuta msumari. Mbao za paina kutoka Mufindi hupigiliwa zikiwa mbichi, nazo zikikauka hunywea na kuulegeza; zaidi ya hapo, bati la chuma lenye urefu wa mita 6, joto lake likipanda kwa nyuzi 40 kati ya alfajiri na adhuhuri, hurefuka karibu milimita 3, likiuvuta msumari kila siku hadi tundu linapanuka na mpira wake kupasuka. Kuugongelea msumari uleule ni kupoteza muda. Weka skrubu nene zaidi yenye mpira mpya, tena juu ya mgongo wa bati, kwani bondeni ndiko maji yanakopita.

Usipoona mwanga wowote, shuku maungio, yaani mahali bati moja linapolalia jingine. Tukuyu, ambako mvua huja na upepo, bati lililopishana chini ya milimita 150 kwa urefu huingiza maji hata likiwa jipya.

Kutu iliyoanzia kwenye kingo zilizokatwa kwa kawaida ni kazi ya grinda, mashine ya umeme ya kukatia chuma, ambayo huunguza zinki inayolikinga bati na kurusha chembe za moto zinazoshika kutu juu ya bati. Mtake fundi atumie mkasi wa bati, na akilazimika kutumia grinda, akatie chini, mbali na mabati mengine, kisha afagie chembe zote siku hiyohiyo.