Namna ya Kusafiri kwa Fikra hadi Nyota ya Jirani

Anayetaka kujiwazia akiwa miongoni mwa nyota asianze na anga zima kwa pamoja, kwani wingi wake huchosha macho na kuiacha fikra ikielea. Achague nyota moja na kuifahamu vizuri. Kwa wakazi wa Tanzania na Kenya, naona hakuna inayofaa kuliko Alpha Centauri, jirani wa karibu zaidi wa Jua miongoni mwa nyota zinazoonekana kwa macho matupu.

Chagua usiku usio na mbalamwezi mwezi Juni, mnamo saa tatu, mbali na taa za mji. Tandika mkeka, zima simu, kisha vumilia angalau dakika 20 hadi macho yazoee giza. Elekea kusini uutafute Msalaba wa Kusini, kundi dogo la nyota nne angavu zilizopangika kama msalaba. Kushoto kwake zipo nyota mbili angavu, na ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo unayoitaka. Ya pili, Beta Centauri, huonekana kama pacha wake, ilhali umbali wake kutoka kwetu ni zaidi ya mara 80 ya ule wa Alpha Centauri.

Nuru unayoiona iliondoka huko zaidi ya miaka minne iliyopita, ikisafiri takriban kilomita 300,000 kila sekunde. Chombo cha anga za juu cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kwa mwendo wake wa sasa kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kukamilisha umbali huo. Fikra, kwa bahati nzuri, haihitaji mafuta. Ukishafika, ile nukta moja inakuwa majua mawili yanayozungukana kwa muda wa miaka 80 hivi, na ukisimama kwenye mwanga wao mwili wako hutupa vivuli viwili.

Hapo geuka utazame ulikotoka. Makundinyota mengi yangebaki na sura ileile, kwa kuwa nyota zake nyingi ziko mbali mno, lakini kundinyota la Kassiopeia lingeongezewa nyota angavu ya sita, nayo ni Jua letu. Ili upajue mahali pake, rudi nje mwezi Novemba, saa tatu usiku, mawingu ya vuli yakiruhusu, utazame kaskazini ambako nyota tano za Kassiopeia huchora herufi M. Nyoosha mkono, upime upana wa vidole vitatu hivi kutoka ncha ya kulia ya herufi hiyo, ukishuka kidogo kulia. Kwetu kundi hilo halipandi juu sana, kwa hiyo minazi au majengo yakiziba upande wa kaskazini, tafuta uwanja wa wazi zaidi.