Pilates hapa Mbeya, kabla hujalipia mwezi

Wadada na wakaka mnaotaka kuanza Pilates, usikimbilie kulipia mwezi mzima, omba ulipie darasa moja kwanza uone kama mwalimu anapita kukurekebisha au anahesabu tu huku anachati. Hilo ndo kubwa. Maana hii sio aerobiksi ya kuruka ruka, ni kazi ya tumbo, mgongo na nyonga, taratiiibu, na pumzi: unavuta kwa pua, unatoa kwa mdomo pale pagumu pa kunyanyua, ukibana pumzi, shingo ndo inabeba mzigo afu kesho unalalamika. Shingo ikiuma laza tu kichwa kwenye mkeka, hakuna wa kukucheka. Wahi kidogo umwambie mwalimu pembeni kama una shida ya mgongo, presha, mimba au umejifungua juzi juzi, atakubadilishia mazoezi. Na baridi letu la mwezi wa 6 na wa 7 si mnalijua, saa 12 asubuhi sakafu haikanyagiki, vaa sweta mpaka mwili uchemke na soksi zenye vidoti vya mpira chini, kwenye mitumba Mwanjelwa ukichambua vizuri hukosi. Supu na chapati baadaye bana, kulalia tumbo umeshiba ni mateso.