Namna ya kuangalia ile episodi ya Angel ya hoteli ya 1952 ukamwelewa jamaa

Wadau, hii ni kwa wale walioanza kuangalia Angel, ile tamthilia ya Kimarekani ya vampaya, juzi juzi, wamefika sizoni ya 2 na wanauliza mbona episodi ya pili imekaa kizamani hivi, wanaume na makofia yao, ngumi hazipo za maana na steringi mwenyewe haongei. Msiiruke aisee. Inaitwa "Are You Now or Have You Ever Been", ilirushwa kituo cha WB tarehe 3 Oktoba 2000, mwandishi ni Tim Minear, na kwangu mimi hii ndo episodi inayokuonyesha vampaya huyu, Angel, anajiona nani. Namwaga stori yote hapa, kwahiyo kama hutaki kujua mwisho kaangalie kwanza ndo urudi.

Kabla hujabonyeza play weka hesabu ya maisha yake kichwani maana bila hiyo utapotea. Jamaa alizaliwa Galway, Ireland, mwaka 1727, jina lake Liam, mlevi tu mtoto wa watu, hana mbele wala nyuma. Mwaka 1753 vampaya wa kike, Darla, akamng'ata naye akawa vampaya, akaanza na familia yake mwenyewe, akawamaliza, ndo akaitwa Angelus na Ulaya nzima ikamtambua. 1898 akaua binti wa ukoo wa Kalderash, wale Majipsi wakamlaani kwa kumrudishia roho yake ya kibinadamu ili aumie kwa kila alichofanya. Huyo mwenye roho ndo Angel. Sasa toa: 1952 kutoa 1898, unapata miaka 54. Ishikilie hiyo namba. Jamaa anapokaa Hyperion Hotel pale Los Angeles, chumba 217, ana roho tayari, na ameshakuwa nayo zaidi ya nusu karne.

Kwanini nakomalia hesabu? Kwa sababu mashabiki wengi hatia ya Angel tunaielewa kirahisi sana, kwamba aliyeua alikuwa Angelus, yule hakuwa na roho, hajui jema wala baya, halafu huyu wa sasa ndo kabebeshwa mzigo wa mtu mwingine, masikini, tumuonee huruma. Na kweli ndivyo tulivyozoeshwa toka kwenye Buffy, tamthilia alikotokea Angel kabla ya hii, kumbukeni ile ya Krismasi ya mwaka 1998 alivyotaka kukaa nje asubiri jua limchome kwa sababu ya aliowaua. Nzuri, inaliza. Lakini pale bado kuna mlango wa kutokea, unaweza kusema sio yeye. Hii ya hoteli inaufunga huo mlango, maana kosa analofanya humu analifanya akiwa na roho yake kamili, akili timamu, na wala hajang'ata mtu.

Haya, play. Dakika za mwanzo usimwangalie yeye, angalia watu wanavyomwangalia. Kijana wa kubeba mizigo anaogopa kumpelekea bili chumbani. Wageni wanampisha kwenye korido. Meneja anawaambia familia ya weusi vyumba vimejaa wakati havijajaa. Marekani ya mwaka huo ni ya kutafutana uchawi, kamati za bunge zinawaita waigizaji na waandishi na kuwauliza wewe ni mkomunisti au umewahi kuwa, na jina la episodi limetoka kwenye swali hilohilo. Kwahiyo hata kabla jini halijatokea, hoteli nzima kila mtu anaficha kitu na anamhisi jirani yake. Jini lenyewe linaitwa Thesulac, kazi yake ni kunong'oneza. Halikupi wazo jipya, linachochea hofu uliyonayo tayari, halafu ikishavimba linakula.

Sasa kuna dada anaitwa Judy, huyu usimpoteze hata sekunde. Anajificha chumbani kwa Angel anajifanya mhudumu wa usafi, kumbe kuna mpelelezi anamtafuta, ameiba hela benki aliyokuwa anafanya kazi huko Kansas. Aliiba kwa hasira baada ya kufukuzwa, na alifukuzwa kwa sababu waligundua ni chotara, mama yake mweusi, na yeye kwa rangi yake alikuwa anapita kama mzungu. Kuna sehemu anamwelezea Angel kwamba yeye hayuko huku wala kule, hawa hawamtaki na wale hawamtaki, basi yeye si kitu. Simamisha hapo. Rudisha nyuma, msikilize tena, halafu mwangalie David Boreanaz, anayeigiza Angel, usoni, maana hafanyi chochote, anatulia tu, na kule kutulia ndo jibu lenyewe. Huyu ni mtu si mtu, maiti yenye roho, binadamu wanamkimbia na vampaya wenzake wanamwona msaliti. Judy anaongea habari ya damu yake kuwa na doa, na jamaa anamwambia ni damu tu, zote ni damu. Likitoka kwa mtu mwingine ni neno la faraja la kawaida, likitoka kwa anayekunywa damu kwenye glasi kila siku lina uzito wake. (Ndo maana nawaambia msiangalie hii iliyotafsiriwa na madijei, nawapenda sana madijei wetu lakini pale mtasikia stori ya kuku tu, wekeni maandishi ya chini mkomae.)

Kwahiyo kwa Judy jamaa anafunguka kidogo. Anamsaidia kuficha hela, anatoka kwenda kwa muuza vitabu kutafuta namna ya kuliua jini, yaani kwa mara ya kwanza unamwona anaanza kuwa yule Angel tunayemjua. Watu wengi wanapita hapa haraka wakisubiri fujo, msipite, hapa anaonja kidogo ushujaa na ndo maana kinachofuata kinauma.

Anarudi na dawa mkononi anakuta hoteli imeshalipuka. Wageni wamemzingira Judy, wamejua siri zake, na yeye kwa woga anawageuzia kwa Angel. Wanamkamata, wanampiga, wanamtundika kwa kamba pale sebuleni mbele ya kila mtu. Ukifika hapa fanya kitu kimoja, acha kumwangalia Angel, angalia nyuso za wageni sekunde chache baada ya mwili kuacha kutikisika. Kelele zinakata. Kila mmoja anashtuka amefanya nini, wanaanza kutawanyika mmoja mmoja bila kuangaliana. Vampaya hafi kwa kamba, kwahiyo anasubiri waondoke, anashuka, na jini linajitokeza waziwazi limeshiba linamcheka, linamwambia ana hoteli nzima ya kula na Judy akiwemo. Anajua namna ya kulimaliza. Anaangalia juu kwenye vyumba, na anachosema ni kwamba liwachukue wote. Anatoka zake mlangoni.

Hapo ndo penyewe. Najua kuna watu wanamtetea, wanasema bana walimnyonga, wewe ungefanyaje, na sikatai, hata mimi nisingebaki. Ila jaribu kuihesabu kama anavyoihesabu yeye. Akina Galway anaweza kumtupia Angelus, hawa hawezi kumtupia mtu. Na cha kushangaza miaka 48 mbele, mwaka 2000, hajawahi kumwambia mtu. Anawaambia wenzake wa kazi, kina Cordelia na Wesley, wachunguze hoteli bila kueleza kwanini, mpaka wanakutana na picha yake wenyewe kwenye makaratasi. Muangalie mtu anavyosimulia dhambi zake: Angelus anamtaja mara kwa mara, ila hoteli aliizika.

Kiufundi, zingatia kamera inavyovuka miaka. Anatembea korido iliyooza ya 2000, kamera inazunguka, ni 1952 taa zinawaka. Jengo moja, hakuna ile ya picha kufifia ili ujue tumerudi zamani. Kwa mtu asiyezeeka kumbukumbu inakuwa hivyo, haiendi mbali.

Mwisho wanaliua jini, halafu jamaa anapanda juu peke yake. Judy yumo chumbani bado. Bibi kizee, muda wote huo Thesulac limekuwa likimla taratibu, hakuthubutu kutoka nje. Anamwomba Angel msamaha kwa kumuua. Jamaa anamsamehe, bibi anajilaza, anafariki. Sikilizeni vizuri nani anaomba na nani haombi. Aliyeachwa humo miaka 48 ndo anaomba msamaha, aliyemwacha ndo anautoa. Angel msamaha wa kwake hauombi. Mimi hiyo scene naiona nzuri kuliko zote za sizoni hiyo na bado inanikera, na nadhani Minear alitaka ikere, maana baada ya hapo anashuka anawaambia wenzake tunahamia hapa, wakati Wesley anamkumbusha hapa ni mahali pa uovu mtupu. Kukaa ndani ya kosa lako kila siku, labda ndo njia yake ya kuomba.

Ukimaliza usilale. Kama una muda vuka uende "Reunion", ya kumi sizoni hiyohiyo. Wanasheria wa kampuni ya Wolfram & Hart, maadui wa Angel, wamefungiwa stoo ya mvinyo na Darla na vampaya mwenzake Drusilla, wanamsihi Angel awaokoe, na yeye anavuta milango, anaifunga, anaondoka. Ana roho, ana timu, ana jina la shujaa, na anarudia kilekile. Ziangalie hizo mbili usiku mmoja, halafu uje tubishane kama Angelus ni mtu tofauti au la.