Kisukari kimegusa figo: mgonjwa aonwe na daktari gani?

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kisukari hapa Morogoro. Kila wiki kuna ndugu wa mgonjwa ananivuta pembeni: "Dada, mzee kaambiwa figo zimechoka, tumpeleke wapi?"

Kabla ya nauli, tafuteni majibu ya vipimo viwili: albumini (aina ya protini) kwenye mkojo, na kreatinini ya damu (taka ambayo figo huchuja), ambayo ndiyo inayotumika kukokotoa uwezo wa figo kuchuja, ile eGFR. Kimoja hakitoshi, kwa sababu figo inaweza kuvujisha protini kwa miaka huku kreatinini ikisoma vizuri. Virudiwe baada ya miezi 3. Homa au maambukizi ya mkojo hupandisha protini kwa muda tu.

eGFR ikiwa juu ya 60 na albumini imepanda kidogo, daktari wa kisukari au bingwa wa magonjwa ya ndani anatosha. Atashughulikia sukari, presha na dawa za kulinda figo kama losartan. Msiuze ng'ombe kukimbilia Dar. Lakini eGFR ikishuka chini ya 30, au inaporomoka haraka, au protini ni nyingi, au presha haishikiki, ombeni rufaa kwa bingwa wa figo. Msingoje miguu ivimbe.

Angalieni sana hapa: bingwa wa njia ya mkojo siye. Yule ni mpasuaji, kazi yake mawe, tezi dume na mirija iliyoziba. Inaniuma kuona mzee amekaa foleni tangu alfajiri, kisha anaambiwa amekosea mlango.

Mabingwa wa figo hawako kila mkoa. Muhimbili wapo, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Kote huko hata figo hupandikizwa. Bebeni karatasi ya rufaa, majibu ya zamani yenye tarehe, na dawa zote, zenyewe. Mama mmoja alipomwaga mfuko wake mezani kwangu, chini kabisa kulikuwa na diclofenac ya mgongo, anayomeza kila siku. Hiyo huumiza figo, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mkifika, muulizeni daktari: figo zinashuka kwa kasi gani? Metformin, ile dawa ya sukari, iendelee, ipunguzwe au isimame? Dapagliflozin, dawa ya sukari inayolinda pia figo, inamfaa? Macho yamepimwa lini? Akijibu kwa namba za mgonjwa wenu na kuandika barua ya kurudi kliniki, shikaneni naye.