Kijibwa Anang'ata? Mfunze Kabla Meno Hayajabadilika

Mbwa wengi Nairobi hufugwa kwa ulinzi: ploti ya Utawala, banda la kuku Ruai, ng'ombe wawili wa maziwa kule Dagoretti. Ndiyo maana kijibwa akianza kung'ata vidole, wenyewe hucheka na kusema, "Huyu atakuwa mkali." Miezi michache baadaye chonge zimekomaa, na anayeng'atwa ni mtoto wa jirani au kijana wa boda aliyeleta mtungi wa gesi. Mbwa hulinda boma kwa kubweka na kwa kumjua mgeni na mwenyeji, na hayo huja anapokua. Kung'ata ovyo hakumwongezei kitu. Wapo wanaomlisha pilipili au kumfungia gizani ili awe mkali: pilipili humpa maumivu ya tumbo na kuhara, giza humpa woga, na mbwa mwoga ndiye rahisi kung'ata bila onyo.

Kijibwa huota meno 28 ya utotoni kuanzia wiki ya 3 hivi. Ni makali kama sindano, lakini taya bado ni dhaifu, kwa hiyo huumiza bila kujeruhi sana. Meno 42 ya ukubwani huanza kuingia karibu na mwezi wa 4 na kukamilika mwezi wa 6 au wa 7. Kazi kubwa ya kumfunza ifanyike kabla ya hapo.

Funzo la kwanza hulipata kwa mama na ndugu zake. Akimng'ata ndugu kwa nguvu, ndugu hulia na mchezo huvunjika. Akimuuma mama ziwa, mama huinuka na kwenda zake. Hapo hujifunza kupima nguvu za mdomo wake. Vijibwa vinavyouzwa kando ya barabara vikiwa na wiki 4 au 5 hukosa funzo hilo, na hao ndio huwasumbua watu zaidi. Usimchukue kabla ya wiki 8, hata muuzaji akikuhakikishia kuwa ameshaanza kula ugali.

Wewe nawe fanya kama mama yake. Cheza naye dakika 3 hadi 5, mara tatu au nne kwa siku. Meno yakigusa ngozi kwa nguvu, mkono utulie palepale. Usiuchomoe kwa ghafla, kwani kitu kinachokimbia hukimbizwa, na ngozi huchanika unapovuta. Sema neno moja kwa sauti ya kawaida, kwa mfano "Basi". Akiachia, msifu na umpe kitu chake cha kutafuna. Asipoachia, au akirudia, inuka, mpe mgongo au toka nje ya geti la banda kwa sekunde 20 hadi 30, kisha rudi kimya mwendelee kucheza. Ukikaa nje dakika kumi atasahau kwa nini uliondoka. Akirudia mara tatu mfululizo, mchezo umekwisha; mpeleke akapumzike.

Siku za kwanza kataza ule ung'ataji mkali tu. Ukipungua, kataza wa wastani, halafu mwisho jino lolote lisiguse ngozi wala nguo. Ukianza kwa kukataza kila mguso, hatapata nafasi ya kujifunza kupima nguvu, na siku akikanyagwa mkia atang'ata kwa taya zote. Mabadiliko huonekana baada ya wiki mbili au tatu za kufuata mtindo huohuo kila siku.

Wafugaji wengine hufundishwa kulia "Aii!" kama kijibwa aliyeumizwa. Kwa baadhi ya vijibwa hufaulu. Kwa wengine mlio huo huwasha moto zaidi, hasa wa asili ya German Shepherd, nao hurukia mkono kwa furaha. Ukiona hivyo, acha mlio, ondoka tu.

Mpe cha kutafuna, maana fizi zinamwasha. Taulo kuukuu lililofungwa fundo, likaloweshwa na kugandishwa kwenye friji, hutuliza sana. Karoti nzima iliyopoa pia hufaa, ukiwa karibu. Usimpe kiatu kikuukuu: hawezi kukitofautisha na kile cha kwendea kazini. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, huvunjika vipande vyenye ncha. Gunzi la mahindi na kokwa ya parachichi, ambavyo havikosekani kwenye ua wa Nairobi, humezwa na kuziba utumbo, na mara nyingi tiba yake ni upasuaji.

Kabla ya kumlaumu, uliza amelala kiasi gani. Kijibwa huhitaji usingizi wa saa 18 hadi 20 kwa siku. Ile vurugu ya saa moja jioni, anapozunguka ua akirarua suruali za watu, kwa kawaida ni uchovu. Mweke mahali penye kivuli na utulivu, mbali na watoto, atalala baada ya dakika chache.

Mafunzo huharibika kwa sababu ya watu zaidi kuliko mbwa. Baba anakataza, kijana wa nyumbani anapigana naye mieleka kwa mikono mitupu, dada wa kazi anampiga na ufagio, askari wa usiku anamchokoza ili acheke. Kijibwa haelewi sheria ni ipi. Kaeni pamoja mkubaliane neno moja na kitendo kimoja. Kumpiga puani, kumbana mdomo au kumbwaga chali humfunza kwamba mkono wa mtu ni hatari, na mkono hatari hung'atwa. Mnyororo wa kutwa nzima nao humlimbikizia nguvu asizojua azipeleke wapi.

Watoto wanaokimbia na kupiga kelele ni kama mpira kwake. Wafunzeni kusimama wima, mikono kifuani, bila kumtazama, hadi atulie. Mtoto mdogo asiachwe naye peke yake. Na sahani ya chakula isinyang'anywe "ili azoee": pita karibu anapokula, dondosha kipande cha nyama, endelea na safari yako. Atajifunza kwamba mtu akikaribia, chakula huongezeka.

Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 14 hivi ndipo akili yake hupokea mambo mapya bila woga. Chanjo za pavo, ugonjwa wa virusi unaoharisha na kuua vijibwa, zikiwa hazijakamilika asitembezwe barabarani, lakini mbebe hadi getini aone pikipiki, miavuli, watu wa mikokoteni na wageni wa kila rika.

Mchezo una dalili zake: mwili umelegea, mkia unapepea, kifua kimeinama na makalio juu. Akikakamaa, akikazia macho, akiinua mdomo wa juu na kunguruma kwa sauti nzito juu ya sahani au anaposhikwa, huo si mchezo; muone daktari wa mifugo mapema. Mbwa mpole aliyebadilika ghafla huenda ana maumivu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akifika miezi 3, irudiwe kila mwaka. Mtu akichubuliwa na meno, hata ya kijibwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akaamuliwe kuhusu sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Mbwa asiuawe: afungiwe peke yake, ale, anywe, na aangaliwe kwa siku 10. Akiugua au akifa ndani ya siku hizo, mjulisheni daktari wa mifugo na hospitali mara moja.