Kodi ya mji Ohio: fanya mwenyewe, hatua kwa hatua

Ndugu zangu mlioko Ohio, hasa nyie wa Columbus, kila msimu wa kodi nakaa na watu kuwasaidia na shida ni ileile. Mtu kafanya kodi ya serikali kuu, kafanya ya jimbo, karudishiwa hela zake, katulia, baadaye inakuja barua ya mji inamdai. Wengi wanaotengenezea watu kodi kwa malipo hawagusi kodi ya mji wala hawakwambii kama ipo, na kwa mtu wa kubeba boksi hilo deni linauma.

Hatua ya 1: Chukua W-2, karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara wako wa mwaka na kodi uliyokatwa
Kisanduku cha 17 ni kodi ya jimbo uliyokatwa, cha 19 ni ya mji, cha 20 ni jina la mji uliopelekewa hela.

Hatua ya 2: Jimbo
Programu yoyote ya kujaza kodi inakufanyia. Mapato yako ya kutozwa kodi yasipozidi dola 26,050, jimbo halikudai kitu.

Hatua ya 3: Jua kwa uhakika unaishi wapi
Hapa usiharakishe. Anwani ya posta ikisema Columbus haina maana unaishi ndani ya Columbus, unaweza kuwa kwenye township, yaani eneo lililo nje ya mipaka ya mji, na township yenyewe haina kodi ya mapato ya aina hii. Usitumie zip code hata siku moja. Ingia tovuti ya idara ya kodi ya Ohio, tafuta kitu kinaitwa The Finder, andika anwani yako kamili na namba ya nyumba, kitakupa mji wako na wilaya yako ya shule. Hiyo wilaya ya shule iandike pembeni, maana kuna wilaya zina kodi yake na unalipa kwa sababu unaishi pale, uwe na mtoto shuleni usiwe naye. Kuna mitaa iko ndani ya Columbus kabisa lakini kwa shule ni Pickerington, na Pickerington wanachukua 1%. Fomu yake ni SD 100, inaenda kwa jimbo, sio kwa mji.

Hatua ya 4: Hesabu ya miji miwili
Mji unaofanyia kazi unakukata kwanza, halafu mji unaolala unadai wake, ila Columbus inakuhesabia ulichokwisha kulipa kule. Chukua mtu anayelala Columbus (2.5%) na weahausi yake iko Groveport (2%), kapata dola 40,000. Groveport wamemkata 800. Columbus wanataka 1,000, wanatoa zile 800, anadaiwa 200. Kama weahausi iko kwenye township ambako hakuna anayemkata, anadaiwa 1,000 yote! Na sio kila mji unahesabu kama Columbus, kuna inayokubali kiasi tu, kwa hiyo soma sheria ya mji wako mwenyewe. Usitarajie punguzo la watoto, kwa mji halipo. Hela uliyoweka 401(k), ile akiba ya kustaafu ya kazini, nayo inakatwa kodi ya mji, ndiyo maana kwenye W-2 kisanduku cha 18 (mshahara wa kodi ya mji) mara nyingi ni kikubwa kuliko cha 1 (mshahara wa kodi ya serikali kuu), usidhani mwajiri kakosea. Mwenye Uber au biashara yake, faida inaingia humuhumu.

Hatua ya 5: Peleka na lipa
Mwisho ni 15 Aprili kama zile nyingine. Mimi napendelea tovuti ya mji wenyewe, Columbus wana yao na miji mingi midogo iko chini ya RITA au CCA, mashirika yanayokusanya kodi kwa niaba ya miji. Ni bure, sioni sababu ya kumlipa mtu kwa ukurasa mmoja. Ukichelewa kulipa, faini inaweza kufika 15% ya deni na riba juu yake.

Halafu nenda HR waombe wakukatie na kodi ya mji unaolala. Hawalazimiki ila wengi wanakubali. Wakikataa na deni lako la mwaka linafika dola 200, mji unataka ulipe kidogokidogo kila robo mwaka, usisubiri Aprili.