Kuolewa Trinidad: uliza kwanza ni kwa sheria ipi

Mimi ni mtoto wa Kisauni, nimeolewa Chaguanas, katikati ya Trinidad, kisiwa cha Karibiani. Binti wa nyumbani akichumbiwa huku, simu huja kwangu. Siulizi mahari. Nauliza: mnafunga kwa sheria ipi?

Maana ziko nne. Ipo ya jumla, ya kanisani au kwa msajili. Ya Wahindu ni ya 1945, ya Waislamu 1961, ya watu wa Orisa, dini iliyotoka kwa Wayoruba, 1999. Usizione tarehe hizo ukazipita. Wahindi walianza kuletwa mashamba ya miwa mwaka 1845, wakawa wanaoana chini ya vibanda vya mianzi, na serikali haikuzihesabu ndoa hizo. Watoto waliitwa wa nje ya ndoa, na mirathi ikawa vita. Watu wa Orisa ndio waliosubiri kuliko wote.

Kwa hiyo anza na mfungishaji. Awe imamu, pandit (kuhani wa Kihindu) au mzee wa Orisa, ni lazima awe na leseni ya serikali ya kufungisha ndoa. Elimu ya dini peke yake haitoshi. Mwombe akuonyeshe, kwa adabu, lakini mwombe.

Kisha hakikisha mmesaini. Wifi yangu aliolewa Kihindu: wakazunguka moto, bwana harusi akampaka sindoor, unga mwekundu wa mke, kwenye njia ya nywele, wageni wakaanza kukimbilia chakula kwenye majani ya sohari, mapana kama sahani. Pandit akawaita maharusi na mashahidi kwenye meza ya plastiki. Chakula kikapoa, kalamu kwanza!

Cheti kikitoka, soma jina lako herufi kwa herufi na pasipoti. Asha na Aisha ni watu wawili mbele ya karani.

Kama uliwahi kuolewa, njoo na hati ya talaka au cheti cha kifo cha mume. Na dada, kama huyo bwana ana mke, usidanganywe kwamba sheria ya Kiislamu ya hapa ni kama Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, inayoruhusu mke zaidi ya mmoja. Huku mitara haipo kisheria.

Umri ni miaka 18 kwa wote tangu 2017. Kabla ya hapo msichana wa Kiislamu aliruhusiwa akiwa na 12, wa Kihindu 14, wa Orisa 16. Mimi nilishangilia sheria ile, ingawa wazee wengine walinuna.

Na wale mnaoishi kinyumba? Iko sheria ya 1998: mkikaa pamoja miaka mitano, au mkiwa na mtoto, mahakama inaweza kugawa mali mkiachana. Tunza basi risiti na mkataba wa pango wenye majina yenu nyote wawili.